Kukuza pilipili ndani ya nyumba kwa taa, kuanzia mbegu hadi tunda

Pilipili haidai shamba. Inadai mwanga wa kutosha na mtu asiye na haraka ya kumwagilia. Mche ukifia ndani, chanzo mara nyingi ni giza au maji mengi, kwa hiyo hayo mawili nitayaeleza kwa kirefu na mengine nitayapitia.

Hatua ya 1: Mbegu. Kama ndiyo unaanza, chukua aina zinazoota upesi, kama jalapeno au cayenne. Hizo huchomoza ndani ya wiki 1 hadi 2. Pilipili mbuzi na habanero ni wazito wa kuamka, wakati mwingine hadi wiki 4, na wengi huzitupa wakidhani zimeoza.

Hatua ya 2: Kusia. Changanya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) na mboji iliyochekechwa, jaza vikombe vilivyotobolewa chini, fukia mbegu kina cha nusu sentimita hadi 1, kisha funika kwa nailoni. Kwa sasa mbegu inataka joto, nyuzi 25 hadi 30, wala si mwanga. Juu ya friji panafaa. Mche wa kwanza ukichomoza tu, ondoa nailoni na uwashe taa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Taa. Taa nyeupe ya LED inatosha. Zile za zambarau nazo hukuza, ila mimi sizipendi: chini ya mwanga ule huwezi kuliona jani lililoanza kugeuka manjano. Washa saa 14 hadi 16 kwa siku, na uiachie taima kazi hiyo, maana binadamu husahau. Giza la usiku usiliondoe.

Umbali uanze sentimita 20 hadi 30 juu ya miche, kisha mmea wenyewe ukuongoze. Shina likirefuka, likawa jembamba, na nafasi kati ya jani na jani ikapanuka, mche unautafuta mwanga: shusha taa. Majani ya juu yakipauka na kingo zikajikunja kwenda juu, pandisha. Dirisha peke yake hutoa mwanga wa upande mmoja, na mche huinama kuufuata. Ukilitegemea, zungusha chombo kila siku.

Hatua ya 4: Maji. Usimwagilie kwa ratiba. Nyanyua kikombe: kikiwa kizito, kiache, kikiwa chepesi na udongo wa juu umepauka, mwagilia. Kwa miche midogo, weka vikombe kwenye trei yenye maji kwa dakika 20 hivi, kisha mwaga yaliyobaki.

Udongo ukishinda umelowa, kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, huja. Utaona shina limesinyaa na kuwa kahawia pale linapogusana na udongo, halafu mche unalala chini ilhali majani bado ni ya kijani. Huo hauponi. Ung'oe na udongo wake, acha iliyobaki ikauke kidogo, na uwashe feni ndogo ipitishe hewa kwa upole. Feni hiyo pia hukomaza mashina.

Hatua ya 5: Kuhamisha. Mche ukiwa na majani halisi 4, yaani yale yanayofuata mawili ya kwanza, uhamishie kwenye kopo la kipenyo cha sentimita 10. Ushike kwa jani. Shina likipondwa, basi tena. Mizizi ikichungulia kwenye matundu ya chini, peleka kwenye ndoo ya lita 10 iliyotobolewa.

Hatua ya 6: Mbolea. Anza na NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye viwango sawa vya zote tatu, nusu ya kipimo cha pakiti. Maua yakikaribia, hamia yenye potasiamu zaidi. Nitrojeni ikizidi utapata kichaka kizuri kisicho na tunda.

Hatua ya 7: Maua. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini ndani hakuna upepo wala nyuki wa kulitikisa. Saa chache baada ya taa kuwaka, piga kikonyo cha ua taratibu kwa ncha ya kidole. Lililo tayari hudondosha vumbi hafifu. Brashi laini ya rangi nayo inafaa. Joto likipita nyuzi 32, maua hupukutika hata ukiyatikisa vipi. Punguza joto la chumba kwanza.

Hatua ya 8: Wadudu. Geuza majani kila unapomwagilia. Vidukari hukaa upande wa chini na kwenye machipukizi, utitiri huacha nukta ndogo na utando mwembamba. Waoshe kwa maji, kisha nyunyizia sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita 1, taa zikiwa zimezimwa. Jaribu kwenye jani moja kabla ya mmea mzima.

Hatua ya 9: Kuvuna. Kata kwa mkasi, ukiacha kikonyo. Ukivuta unavunja tawi. Kuvuna mabichi huusukuma mmea kuzaa tena, lakini za mbegu ziache ziive kabisa. Vaa glavu unapozipasua. Ukali haung'oki kwa maji matupu: paka mikono mafuta ya kupikia, ndipo unawe kwa sabuni.

Mavuno yakiisha usiung'oe. Pilipili huishi miaka kadhaa: pogoa matawi, ongeza mboji juu, punguza maji hadi machipukizi mapya yatokee.