Kabla hujawapeleka watu mikokoni: mambo ya kuzingatia

Ukipewa kazi ya kuipeleka jumuiya yenu kutembea na kupanda mikoko Mikindani, Jomvu au Tudor hapa Mombasa, usianze na fulana za rangi moja. Anza na ruhusa. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo KFS, shirika la serikali la misitu, wajue mnakuja, na kikundi cha wenyeji wanaoutunza msitu huo kijue kabla yao. Kitalu ni chao, njia wanazijua wao, na nyinyi mkishaondoka wao ndio watakaobaki na miche.

Viatu: raba kuukuu za kufunga kamba, kwa sababu ndara hubaki topeni. Kofia. Nguo za kubadilisha. Maji ya kunywa yabebwe kwa jerikeni na vikombe. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na fukwe tangu Juni 2020.

Sasa maji yenyewe, na hapa nisikilize vizuri. Kuna kikundi kimoja cha mtaa kilinialika. Kiongozi wao alikuwa amekwenda kukagua Jumamosi moja saa nne asubuhi, siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Akakuta maji yamepwa hadi mbali, tope limeanikwa juani, kaa wanakimbilia mashimoni. Akafurahi, akatangaza: Jumamosi ijayo, saa ile ile. Wiki moja tu, bamvua imekwisha, maji ni mafu, hayajai wala kupwa sana, na saa zimegeuka. Saa nne ile ile tukakuta maji yamejaa katikati ya mizizi. Tukasimama ukingoni, akina mama, watoto wa madrasa, miche kwenye makarai, na hakuna aliyetaka kurudi na mche nyumbani. Wengine wakaichomeka kwenye mchanga mkavu juu kabisa, ambako mkoko hauwezi kuishi. Vijana wakaingia majini. Mmoja akateleza, akakamata mzizi uliojaa chaza, kiganja kikapasuka. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa ndani ya matatu, na matatu ilikuwa imesharudi mjini kutafuta abiria.

Hapa Mombasa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti yake hupita mita tatu. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50, ndiyo maana ukaguzi wa wiki iliyopita hauna thamani. Tazama tarehe kwenye kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani, kisha mpigie mvuvi umuulize. Ingieni maji yakiwa bado yanatoka, mtoke yakianza kurudi, hata kama hotuba haijaisha.

Mche nao haupandwi popote. Mikoko ina aina zake: mlilana hukaa mbele kabisa kuelekea baharini, mkoko wenyewe hufuata kwenye tope, mkandaa huwa nyuma. Mwenyeji akisema hapa, ni hapa. Mgeni rasmi asichague mahali kwa sababu picha itatoka vizuri (huwa anachagua).

Mkiwa na wazee na watoto wachanga wengi, achaneni na tope siku hiyo, wapelekeni Haller Park kule Bamburi. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mivinje ikaanza kupandwa 1971, na leo ni msitu wenye vivuli na njia za kutembea.

Mengine ni ya kawaida. Pangeni mapema pa kuswalia adhuhuri na maji ya kutawadha. Simu zifungwe vizuri. Mtoto asitembee peke yake, wala mtu mzima asiyejua kuogelea. Mvua ikinyesha, ahirisheni. Na hesabu watu mkishuka, uwahesabu tena mkipanda, mmoja mmoja. Usimsikilize anayesema wote wapo naye amekaa kiti cha mbele.