Kujiandaa kwa usaili wa uzamili na uzamivu ukiwa Tanga

Somo hili linamhusu mwombaji aliyepata barua ya mwaliko wa usaili kwa njia ya video.

Hatua ya kwanza ni saa, na wengi huipuuza. Barua ikitaja 10:00 kwa saa za London mwezi Januari, hapa kwetu ni saa saba mchana. Mwezi Aprili, Waingereza wakiwa wamekwisha kusogeza saa zao mbele, ni saa sita. Mimi niliwahi kuisoma 10:00 hiyo kwa Kiswahili, nikafungua kompyuta saa kumi alasiri, shati limepigwa pasi vizuri, nikakuta wasaili walikwisha kuondoka zamani. Andika saa zote mbili kwenye karatasi na uibandike ukutani.

Hatua ya pili ni kazi yako mwenyewe. Soma upya pendekezo lako la utafiti na makala mbili tatu za msimamizi unayemtarajia, kisha umweleze mtu asiye wa fani yako. Tuseme unataka kumtafiti silikanti, samaki ambaye hifadhi ya bahari hapa Tanga ilianzishwa kwa ajili yake mwaka 2009: mwendee mvuvi wa Sahare. Akikuuliza, "Sasa ukishajua anakokaa, sisi jarife tutatega wapi?", umepata swali lile lile ambalo wasaili wataliuliza kwa maneno marefu zaidi. Usikariri majibu, kwani jibu lililokaririwa husikika kama shairi la darasa la tatu.

Hatua ya tatu ni mwili. Kukesha usiku wa kuamkia usaili ni kosa ambalo sijaona likimfaa mtu. Lala mapema, kula chakula ulichokizoea, na uweke maji karibu. Joto la Januari na Februari litakulazimisha kuwasha feni, lakini ielekeze pembeni, maana upepo wake ukiingia kwenye kipaza sauti hutasikika. Chaji simu na ununue kifurushi cha intaneti, ili umeme ukikatika uendelee kwa simu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Usaili wangu na chuo cha Marekani umeangukia Ramadhani, saa kumi na mbili jioni. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Waandikie mapema, ukitoa sababu moja na nyakati mbili mbadala. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Ikishindikana, weka tende na maji mezani, na adhana ikikukuta katikati, waeleze kwa sentensi moja kwamba unafungua saumu, unywe, uendelee.

Mimi sauti hunikauka na mikono hutetemeka. Je, watanishusha alama?

Hofu wameizoea, ndugu yangu. Kabla ya kuanza, vuta pumzi ukihesabu hadi 4 na uitoe ukihesabu hadi 6, mara kadhaa, mikono ikiwa juu ya mapaja. Ukiulizwa, una haki ya kusema, "Naomba nifikiri kidogo," kisha ukanyamaza kweli. Lakini ukikosa usingizi kwa majuma, muone daktari.

Na nikiulizwa nisichokijua?

Sema hukijui, kisha eleza ungeanzia wapi kukitafuta: data gani, kwa nani, kwa njia ipi. Ukibuni, swali la pili litakufumania.