Mimba, Nikaha na Pasi: Ya Kuweka Sawa Kabla ya Kujifungulia Mombasa

Ukiwa mgeni na baba wa mtoto ni Mkenya, mtoto wenu atazaliwa Mkenya. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa Makadara, Kenya, au Muheza, Tanzania. Lakini uraia huo ni wake yeye. Wewe dada uliyetoka Tanga, Moroni au Bujumbura ukapata mwenzio Kisauni, kisheria bado u mgeni, na mimba haiongezi hata siku moja kwenye pasi, yaani ruhusa ya kukaa, uliyogongewa ulipoingia. Wengi hulitambua hili mwezi wa nane, miguu imevimba na foleni za ofisi hazivumiliki.

Kwa hiyo fungua pasipoti leo usome muhuri. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huweza kupewa hadi miezi 6; wa kwingine mara nyingi hupewa pungufu. Angalia siku alizoandika afisa kwa mkono wake, usikisie. Halafu chukua kitabu cha kliniki utazame tarehe unayotarajiwa kujifungua. Kama pasi inakwisha kabla ya tarehe hiyo, au ndani ya arobaini yako, shughuli ya karatasi ianze wiki hii.

Utasikia ushauri kwamba panda basi hadi mpakani Lunga Lunga, vuka Horohoro upande wa Tanzania, rudi ugongewe upya. Mimi simshauri mjamzito kufanya hivyo. Afisa halazimiki kukupa siku kama za mwanzo, na ana haki ya kuuliza vipi mtembezi anaishi Mombasa mwaka mzima. Kwa ndege nako, mashirika mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na baada ya wiki ya 36 mengi hayakupokei. Anayetoka Kongo au Burundi ana jambo la ziada, nalo ni homa ya manjano. Chanjo yake ina virusi hai, kwa hiyo kwa kawaida mjamzito hachanjwi ila hatari iwe kubwa. Huandikiwa barua ya msamaha. Itafute barua hiyo kabla ya kufunga safari.

Sasa ndoa, maana hapa ndipo karatasi nyingi hukwama. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina 5, ya Kiislamu ikiwamo, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Nikaha iliyosomwa sebuleni, mahari ikatajwa, biriani ikaliwa, ni ndoa mbele ya Mungu na jamaa, ila afisa wa uhamiaji ataomba cheti. Hakikisheni sheikh anayefungisha ameidhinishwa kusajili ndoa, na cheti mkipate mkononi, si ahadi ya kuja kukichukua. Walii wako yuko Tanga au Moroni? Aandike uwakala kwa maandishi, na nakala ya kitambulisho chake. Kama nikaha inasomwa na mimba ipo, masheikh wana kauli zao. Nendeni kwa kadhi mapema mkaulize, msingoje siku ya shughuli.

Wanaokwenda kwa msajili wa serikali wahesabu siku 21 kamili za notisi, na mgeni atatakiwa alete hati kutoka kwao kuonyesha hana kizuizi cha ndoa. Hati hiyo ndiyo inayochelewa kuliko zote. Ikiwa ni ya Kifaransa itahitaji tafsiri rasmi pia.

Na majina, dada yangu, majina! Kwenye pasipoti umeandikwa Zuhura Ali, kwenye nikaha ukaandikwa Zuhura Ali Juma kwa kumtaja babu, kliniki wakaandika Zuhra. Kwetu hao wote ni wewe. Kwa kompyuta ya serikali ni watu watatu, na kila herufi iliyopotea itakugharimu hati ya kiapo kwa wakili. Mpe sheikh pasipoti yenyewe anakili humo.

Ukiwa na cheti cha ndoa, njia ya kawaida ni pasi ya mtegemezi, mume akiwa ndiye anayekusimamia. Maombi hufanywa kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali: barua ya mume, kitambulisho chake, cheti cha ndoa, pasipoti yako na picha. Ofisi ya uhamiaji ya Mombasa iko jengo la Uhuru na Kazi, barabara ya Mama Ngina, ukihitaji kuuliza uso kwa uso. Malipo ya serikali hupitia eCitizen. Anayekwambia umtumie kwa simu yake "aharakishe" mwache apite. Omba kabla muhuri haujakwisha, na usichukulie risiti ya maombi kuwa ruhusa ya kukaa: wakati unasubiri, omba siku za pasi ya zamani ziongezwe. Kukaa bila ruhusa ni kosa linaloweza kuleta faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa pia kujisajili apewe kadi ya mgeni.

Pasi hiyo haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Anayetaka kuajiriwa anahitaji kibali. Ukazi wa kudumu kwa mke au mume wa Mkenya huombwa baada ya miaka 3 ya ndoa, uraia baada ya 7. Ambao hawajaoana hawana mlango huo wa mwenzi, hata mtoto akiwa njiani.

Hospitali. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, na sheria yake inamtaka mgeni wa chini ya miezi 12 awe na bima ya safari. Soma kama bima hiyo inagusa uzazi, nyingi haziugusi. Tengeni akiba inayotosha kupasuliwa, si kuzaa kwa kawaida tu.

Nakala ya pasipoti yako na ya kitambulisho cha baba zibandikwe ndani ya jalada la kitabu cha kliniki. Baada ya kujifungua muuguzi huja na fomu ya taarifa ya uzazi, nawe una usingizi na uchungu, na atakayejibu maswali ni shangazi aliyekuja na uji. Shangazi anakujua kwa jina la nyumbani. Fomu hiyo ndiyo inayozaa cheti cha kuzaliwa. Hamjaoana bado? Jina la baba lina haki ya kuwamo: Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 2016, na Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa wazazi wote wawili jukumu sawa, wameoana au la. Baba awepo na kitambulisho chake. Uzazi usajiliwe ndani ya miezi 6. Ukipita hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye maswali mengi zaidi.

Bibi wa Tanga atataka kumwona mjukuu. Kwa sheria ya Tanzania mtoto wa Mtanzania anaweza kushika uraia wa pande zote mbili hadi afike miaka 18, kisha huchagua. Ila pale Horohoro hata mtoto mchanga wa miezi miwili huvuka kwa hati yake mwenyewe, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha kuombea hati hiyo kiombwe mara mtokapo hospitali. Baba asiyesafiri naye aandike barua ya ridhaa, aambatanishe nakala ya kitambulisho na namba ya simu atakayoipokea afisa akipiga.