Somo: Grafu ya mvua kwenye R inaanza na Agosti? Kagua data kwanza

Wakuu, salaam. Wakati wa ripoti yangu ya chuo nilikesha siku mbili kwenye R, programu ya takwimu na grafu, nikihangaika na rangi na mizani ya grafu ya mvua iliyokataa kukaa sawa. Skripti ya grafu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ndani ya faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), tangu siku data ilipoingizwa. Kwa hiyo kabla hujagusa mstari hata mmoja wa ggplot, zana ya R ya kuchora grafu, pitia hatua hizi.

Hatua ya 1. Soma faili, kisha andika str(mvua). Kolamu ya milimita ikionyesha num au int, endelea. Ikionyesha chr, R inaona maneno, si namba. Ndiyo maana mhimili wa wima unaweka 102 kabla ya 9, kama kamusi.

Hatua ya 2. Tafuta kilichoichafua. Alama moja tu hugeuza kolamu nzima. Kwenye rekodi za mvua za kila siku huwa ni kistari pale ambapo hakukupimwa, "12mm" badala ya 12, au TR, yaani matone yalianguka lakini hayakufikia kiwango cha kupimika. Hapa usiharakishe. Ukikimbilia as.numeric(), vyote vitatu vinageuka NA (alama ya R ya data isiyokuwapo), na R inakupa onyo tu. TR si data iliyokosekana. Kwenye kujumlisha unaweza kuihesabu 0, mradi ulieleze hilo kwenye ripoti. Kistari ndicho NA halisi:

mvua <- read.csv("mvua.csv", na.strings = c("NA", "-"))
mvua$mm[mvua$mm %in% "TR"] <- "0"
mvua$mm <- as.numeric(gsub("mm", "", mvua$mm))

Siku isiyopimwa ukiijaza sifuri, umetengeneza ukame ambao haukuwapo, na kuna mtu anaweza kupanga siku ya kupanda kwa grafu hiyo.

Hatua ya 3. Miezi. R hupanga maneno kwa alfabeti, na kwa Kiswahili Agosti inatangulia, Januari inakuwa ya tano. Masika na vuli vinavurugika. Andika miezi yote 12 kwa mfuatano wake kwenye kigeu miezi, halafu:

mvua$mwezi <- factor(mvua$mwezi, levels = miezi)

Angalia tahajia: "Januar" itageuka NA kimyakimya.

Hatua ya 4. Hifadhi kwa saveRDS(mvua, "mvua.rds"). CSV haikumbuki mpangilio wa miezi, RDS, faili la R lenyewe, inaukumbuka. CSV ya asili iache kama ilivyo.

MASWALI

Swali: Mkuu, picha yangu ya PNG haifunguki kabisa.
Jibu: Umeita png() bila kufunga. Malizia na dev.off().

Swali: Nina vituo sita. Nimeweka ggplot ndani ya kitanzi cha for, sioni kosa wala grafu.
Jibu: Ndani ya for haijichori yenyewe. Iweke kwenye g, kisha print(g).

Swali: sum() inanipa NA kwa Aprili. Niweke na.rm = TRUE ili iziruke NA?
Jibu: Jumla utaipata, ndugu yangu, lakini kwanza hesabu sum(is.na()) ya mwezi huo. Kama siku 11 hazikupimwa, Aprili itaonekana kavu katikati ya masika. Mwezi wa namna hiyo mimi huuacha wazi kwenye grafu na kuandika sababu chini yake.