Kupata Shamba la Kulima Mombasa: Omba Msimu, Usiombe Ardhi

Vijana wengi wanaotaka kulima hapa Mombasa huanza kwa kutafuta ardhi ya kununua, na hapo ndipo safari yao inapokatika. Bei ya ploti ya futi 50 kwa 100 Kisauni au Likoni imepangwa kwa mtu anayejenga nyumba za kupangisha. Mpanda mchicha haiwezi, na hata akiiweza, ploti hiyo haifiki moja ya nane ya ekari.

Mimi nalima mchicha, kunde na mabenda Mwakirunge, na shamba si langu. Nina ruhusa ya kulitumia msimu hadi msimu, na kwa ruhusa hiyo nimelisha watoto na kuwalipia karo. Ardhi iliyolala iko tele: viwanja vya watu walio Nairobi na Uarabuni, mashamba ya minazi ya urithi ambayo ndugu hawajagawana, maeneo nyuma ya shule, misikiti na makanisa. Wenyewe hawalimi, na wewe hawakupi, kwa sababu wanaogopa. Ielewe hofu yao kwanza.

Hofu ina asili yake. Serikali ya kikoloni ilipoleta sheria ya hatimiliki mwaka 1908, watu wa Mwambao walitakiwa wajitokeze kudai ardhi zao. Waliodai wakapata hati, na familia nyingi, hasa za Wamijikenda, zikabaki maskwota mahali walipozaliwa. Kesi za mwenye hati asiyeonekana na mkazi asiye na hati hazijaisha mpaka leo. Juu ya hapo, sheria ya Kenya inasema mtu akikalia ardhi waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kuidai iwe yake. Mwenye shamba akikuona na jembe lako, hiyo miaka 12 ndiyo anayoifikiria.

Sasa tazama neno "bila ruhusa". Ukimwandikia karatasi inayosema unalima kwa ruhusa yake, na muda wenyewe ni huu, umemwondolea wasiwasi wake mkubwa. Karatasi hiyo inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe, na umwambie hivyo. Nimeona wazee waliokataa kabisa wakilegea pale pale waliposikia mkulima ndiye anayeomba kuandikiana.

Jambo la pili linalowatisha ni miti. Huku kwetu mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Watu huuza minazi, huirithi na huiweka rehani bila kugusa ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo ukipanda mwembe au mnazi kwenye shamba la mtu, umepiga kigingi cha madai hata kama hukukusudia. Usipande mti wowote, hata mpapai. Sema mapema: "Nitapanda mboga na mihogo tu, na minazi yako sitaigusa." Nazi zikianguka, zikusanye umwekee.

Kumpata mwenyewe kuna njia yake. Usianze kwa madalali wa viwanja. Nenda kwa mgema. Mgema hukwea minazi ile ile kila siku, anajua ni ya nani, anampelekea nani pesa, na yule mwenyewe huja mwezi gani. Mkwezi wa nazi vilevile. Baada yake mwone mzee wa mtaa, kisha naibu wa chifu, maana hata ukielewana na mwenyewe aliye mbali, hawa ndio watakaoulizwa siku jirani akilalamika. Ndani ya kaunti, ulizia Mwakirunge, Jomvu Kuu, Miritini, Mtongwe na Shika Adabu. Ukivuka mipaka, kuna Mtwapa na Kikambala upande wa Kilifi, na Ng'ombeni, Waa na Tiwi upande wa Kwale. Ardhi ya wakf, yaani iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi, lakini hukodishwa. Ofisi ya Makamishna wa Wakf iko hapa Mombasa, na kama shamba lina msimamizi wake, anza na huyo kwa heshima.

Ukifika kwa mzee, amkia, kaa, sikiliza habari za shamba na nani alipanda nini. Usitaje bei siku ya kwanza. Nilimfundisha mpwa wangu kusema hivi: "Shikamoo baba. Naomba robo ekari ya shamba lako nilime msimu huu wa masika. Nitalisafisha, nitakulindia minazi, na mavuno yakiisha nitakukabidhi ukitaka. Tutaandikiana mbele ya mzee wa mtaa." Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000, na kwa mtu mmoja mwenye jembe na ndoo inatosha kabisa. Wanaoomba ekari tatu kwa mara ya kwanza huishia kulima kona na kuacha mengine magugu, na mwenyewe huona.

Kabla ya kuandikiana, hakikisha unayeongea naye ndiye mwenyewe. Omba nambari ya hati ufanye utafutaji katika ofisi ya ardhi. Kama shamba ni la marehemu, mtoto mmoja hawezi kukupa peke yake. Wapate ndugu wote, na wajane wasisahauliwe. Ugomvi wa urithi ukilipuka kunde zikiwa na maua, atakayetolewa ni wewe.

Karatasi yenyewe iwe fupi, kwa Kiswahili ambacho kila mmoja anakielewa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaukubali ukodishaji wa miaka miwili au chini bila kuusajili, kwa hiyo msiende zaidi ya hapo mwanzoni. Iandike namna hii:

"Mimi (jina na nambari ya kitambulisho), mwenye shamba lililoko (mahali), nimempa (jina na nambari) ruhusa ya kulima robo ekari kuanzia (tarehe) hadi (tarehe) kwa malipo ya (kiasi). Atapanda mazao ya msimu tu. Hatajenga wala kupanda miti. Nikilihitaji shamba kabla ya muda kwisha, nitamwachia avune kilichoko ardhini. Maji ya kisima atatumia kwa (masharti)."

Saini za wawili, shahidi kila upande, mzee wa mtaa awepo. Ile sentensi ya kuvuna kilichoko ardhini usiiache itolewe. Malipo yapitishe M-Pesa ili yabaki na kumbukumbu. Kama huna pesa taslimu, wengine hukubali sehemu ya mavuno. Mihogo hugawanyika vizuri mkiwa shambani, ila mboga za majani zinauzwa kidogo kidogo kila siku na hesabu yake huleta maneno. Kwa mboga, afadhali kodi.

Maji ndiyo yanayoamua kama utapata faida, na hapa ningekuomba usifanye haraka. Maji ya bomba usiyapangie kilimo. Mji mzima unategemea mabomba ya kutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, na watu wa majumbani wenyewe hupata kwa zamu. Utategemea kisima, na visima vyetu karibu na bahari vina chumvi. Yaonje mwisho wa kaskazi, mwezi wa Machi, yakiwa yamepungua, maana kisima kitamu cha Juni kinaweza kuwa cha chumvi Februari. Lowesha sabuni: ikikataa kutoa povu, ni dalili ya maji magumu au ya chumvi. Spinachi huvumilia chumvi, mchicha nao hujikaza. Maharagwe hayataki hata kidogo. Na maji ya mtaro wa maji taka usimwagilie mboga za watu, hata kama jirani anafanya hivyo na anauza.

Udongo wa mchanga hunywa maji na mbolea vyote. Tia samadi nyingi ya mbuzi au ya kuku iliyooza, ufunike matuta kwa makumbi ya nazi au majani makavu. Ukiona mabenda au nyanya zinanyauka na mizizi ina vinundu, ni minyoo ya udongoni. Hapo badilisha, usirudishe mabenda wala nyanya msimu unaofuata. Kwa mbegu, nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa uulize. Wana mahindi ya Pwani kama PH4 na mihogo kama Tajirika, Karembo na Shibe. Kibandameno ni mtamu na wateja wanaujua kwa jina, lakini ugonjwa wa batobato huupiga sana, basi chagua vipande kutoka shina safi.

Kuhusu mikopo nitasema moja tu. Hustler Fund, mkopo wa serikali wa kwenye simu, ya mtu binafsi hulipwa ndani ya siku 14. Mchicha hutaka wiki tatu au nne, mabenda karibu miezi miwili. Pesa hiyo ichukue ukiwa unavuna na unahitaji nauli na magunia, usiinunulie mbegu. Mbolea ya ruzuku hupatikana ukijisajili kama mkulima, na usajili huanzia kwa chifu.

Soko lako la kwanza liwe jirani zako na vibanda vya mtaani, kisha Kongowea. Kabeji, viazi na vitunguu huingia Kongowea kwa malori kutoka bara na Tanzania, na bei yao huiwezi. Majani laini ndiyo yasiyovumilia safari: mchicha, mnavu, kunde, matembele. Hapo wewe wa karibu ndiye mwenye nguvu, kwa sababu chako kimevunwa alfajiri. Zungumza na mama mmoja anayeuza rejareja, mpelekee siku zile zile kila wiki, fungu la kipimo kile kile.

Ramadhani nayo ipangie mapema. Nyumba nyingi hufuturu kwa muhogo wa nazi na viazi vitamu, na tikiti huisha sokoni. Mwezi huu hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo miaka hii huangukia kaskazi, wakati wa ukavu. Muhogo uliopandwa masika, Aprili, hukaa ardhini miezi minane hadi kumi na kuufikia mwezi huo bila kumwagiliwa sana. Tikiti hutaka siku 75 hadi 90 na maji ya kisima muda wote. Basi anza kuulizia shamba Januari, Machi uwe umeshafyeka, na mvua ya kwanza ikute vipande vya muhogo viko tayari kivulini.