Kuchagua kompyuta ya bodi moja ya muziki nyumbani: anza na njia ya sauti

Swali la kwanza huwa ni bodi ipi ina nguvu zaidi. Kwa muziki, nguvu si tatizo: hata Zero 2 W, bodi ndogo ya familia ya Raspberry Pi (kwa kifupi Pi), yenye RAM ya MB 512, hucheza faili za FLAC (muziki uliobanwa bila kupoteza ubora) bila kuhema. Kinachobadilisha unachosikia ni njia ambayo sauti inapita kutoka kwenye bodi hadi kwenye amplifaya.

Hatua ya 1: Njia ya sauti

Usitegemee tundu la hedifoni. Pi 3 na Pi 4 zinalo, lakini nyuma yake hakuna DAC ya kweli, yaani kifaa kinachogeuza data ya kidijitali kuwa mawimbi ya sauti. Sauti inapatikana kwa kuchuja mapigo ya umeme, na ukiongeza sauti utausikia mchakacho pale wimbo unapotulia. Pi 5 na Zero 2 W hazina hata tundu lenyewe.

Zimebaki DAC ya USB, au kadi ya DAC inayokaa juu ya pini 40 za bodi na kupokea sauti kwa I2S, njia ya kupitisha sauti ya kidijitali kati ya chipu. Kama DAC ya USB unayo tayari, tumia hiyo hiyo. Kama ndiyo kwanza unanunua, chukua kadi: waya zinapungua na vyote vinaingia kwenye kasha moja.

Hatua ya 2: Bodi

Muziki ukija kwa Wi-Fi tu, Zero 2 W inatosha. Angalia kwanza kama pini zimeshachomelewa. Mara nyingi hazipo.

Nyimbo zikiwa kwenye diski ya nje, chukua Pi 4 ya GB 2. Kwenye Pi 3, USB na waya wa mtandao vinagombania njia moja. Pi 4 imevitenganisha. Pi 5 kwa muziki peke yake ni kutupa hela. Chaja ya Pi 4 iwe ya volti 5, ampea 3, na si ile ya simu iliyolala kwenye droo.

Hatua ya 3: Mfumo

Achana na mifumo yenye desktopu. Mimi hupendekeza moOde, mfumo wa kuchezea muziki tu: ni huria, na unaiendesha kwa kivinjari cha simu. Ukitaka vyumba kadhaa vicheze wimbo mmoja kwa pamoja, piCorePlayer (mfumo wa kichezaji) na Lyrion Music Server (programu inayovigawia vichezaji muziki) ndiyo kazi yao. Tena piCorePlayer hukaa kwenye RAM, hivyo umeme ukikatika ghafla kadi ya memori haiharibiki kirahisi. Volumio, mfumo mwingine wa muziki, ni nyepesi kujifunza, ila baadhi ya huduma zake ni za kulipia.

Hatua ya 4: Kuwasha na kukagua

Andika moOde kwenye kadi ya memori kwa Raspberry Pi Imager (programu ya kuandikia kadi hizo), washa, fungua `http://moode.local`, kisha chagua jina la DAC yako kwenye mipangilio ya sauti.

Ukipendelea Raspberry Pi OS Lite, mfumo wa kawaida wa Pi usio na desktopu, fungua `/boot/firmware/config.txt`. Kwa kadi ya DAC yenye chipu ya PCM5102A ongeza:

`dtoverlay=hifiberry-dac`

Washa upya, kisha:

`aplay -l`
`vcgencmd get_throttled`

Ya kwanza ikuonyeshe kadi yako ya DAC. Ya pili ijibu `0x0`. Ikitoa `0x50000`, umeme ulishapungua tangu bodi iwake, basi badilisha chaja kabla ya kuilaumu DAC.

Chipu hiyo ya PCM5102A haina kidhibiti chake cha sauti, kwa hiyo hutoa sauti yote iliyonayo. Punguza amplifaya hadi chini kabisa kabla ya kucheza wimbo wa kwanza.