Paipulaini moja ya data, seva tatu: hivi ndo nnavyoseti Kafka zote zifanye kazi

Juzi nilikuwa Kariakoo kwa jamaa ana maduka manne ya dawa, ana seva tatu za Kafka (programu ya kupokea na kusambaza data) zinapokea mauzo ila ukiangalia vizuri kazi yote inabebwa na moja, zile mbili zimekaa tu zinakula umeme. Hii naikuta sana, ngoja niandike.

Anza na majina. Weka majina ya seva zote tatu kwenye /etc/hosts ya kila moja, afu piga ping kila upande uone kama zinaonana. Kwenye server.properties (faili la mipangilio ya Kafka), node.id (namba ya seva) isifanane, na advertised.listeners iwe na jina la seva husika, usiache localhost hata kidogo. Hapa watu wanakesha kweli, maana ukijaribu ndani ya seva hiyohiyo inakubali, ukija na mashine nyingine inagoma, sababu Kafka inamrudishia mteja anwani ilioandikwa pale, sasa kama ni localhost ye anaenda kuitafuta Kafka kwenye mashine yake mwenyewe.

Saa pia. Washa chrony (programu ya kusawazisha saa) kote na timezone iwe moja. Yule jamaa seva moja ilikuwa UTC (saa tatu nyuma ya Dar), mbili saa za Dar, duka lake moja linakesha, basi risiti ya saa nane usiku ikichakatwa na ile ya UTC inahesabiwa jana. Mahesabu ya siku yalikuwa hayafungi na wahudumu wanashukiwa bure, iliniuma.

Sasa patisheni, yaani vipande ambavyo topiki (foleni ya data) imegawanywa, ndo ugonjwa wenyewe. Usiposema kitu topiki inazaliwa na patisheni 1, na ndani ya grupu moja (programu zinazosaidiana kusoma) patisheni inasomwa na msomaji mmoja tu. Ni kama fuso lenye mlango mmoja mwembamba, leta wapagazi kumi, anashusha mmoja. Mi kwa seva tatu naweka patisheni 6, na programu za seva zote zinatumia group.id (jina la grupu) ileile, ukizipa tofauti kila moja itasoma data yote na mauzo utayahesabu mara tatu. Amua namba mapema, kupunguza haiwezekani, na ukiongeza baadae, kama unagawa data kwa jina la dawa, ile dawa iliyokuwa inaingia patisheni ya 2 inaweza kuhamia ya 5, mpangilio wa stoku unavurugika.

Replikesheni (idadi ya nakala za data) weka 3, min.insync.replicas (nakala chache kabisa zinazotakiwa kwenda sawa ndo data ipokelewe) 2, anayetuma aweke acks=all (asubiri nakala zote zinazoenda sawa zithibitishe). Afu tafuta mstari wa offsets.topic.replication.factor (nakala za kumbukumbu ya grupu limesoma hadi wapi), faili la mfano linakuja na 1, ibadilishe iwe 3 kabla hujawasha mara ya kwanza. Ukiiacha, seva yenye kumbukumbu hiyo ikizima grupu linakwama hata kama data yenyewe ipo salama.

Ukimaliza endesha kafka-consumer-groups.sh na --describe, angalia patisheni zimegawanywa kwa seva zote na LAG (data ambayo bado haijasomwa) inashuka. Ikitulia zima seva moja makusudi, mchana mkiwa wote ofisini, uone kama mauzo yanaendelea kuingia, usisubiri umeme ukate usiku ndo ujue.